Boti ya Rukuba: hesabu baada ya kodi na mfumuko wa bei

WAFANYABIASHARA wadogo wengi hununua mashine kwa hesabu ya mstari mmoja. Bei ni kiasi fulani, faida ya mwaka ni kiasi fulani, basi fedha zitarudi baada ya miaka mitatu na ushee. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini imewaacha nje wawili ambao huchukua fungu lao kabla ya mwenye mashine: kodi na mfumuko wa bei. Somo la wiki hii linaonyesha jinsi ya kuwaingiza wote wawili, na kwa nini anayewaingiza vibaya anaweza kuikataa biashara nzuri au kuikubali mbaya.

Mfano unatoka Rukuba, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichomo katika Kata ya Etaro, Musoma Vijijini, Mkoa wa Mara. Kama visiwa vingine vya ziwa hilo, maisha ya Rukuba hutegemea uvuvi, na karibu kila kinachoingia au kutoka hupita majini. Dagaa waliokauka hutoka kwa magunia. Unga, sukari, mabati na abiria huingia. Mwenye boti nzuri yenye injini hakosi mzigo. Swali ni kama mzigo huo unalipa gharama za chombo.

Ndugu watatu wa mfano huu wana Sh. 24,000,000 mkononi, baada ya kuuza ng'ombe na nyavu. Wamesajili kampuni ndogo na wanataka kununua boti ya mbao na injini yake, vyote kwa bei hiyo. Mkubwa wao ana hoja inayosikika katika kila mwalo: fedha zikikaa benki huliwa na bei, chuma hakiliwi. Wadogo zake hawapingi, ila wanajua kwamba boti ikishindwa, wote watatu watarudi kuvulia vyombo vya watu.

Tarakimu zote za boti hii ni za mfano. Msomaji atabadilisha kwa za kwake, njia haibadiliki.

KUANZA NA SAFARI, SI NA MWEZI

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya kodi. Mtu huchukua mapato ya siku moja nzuri na kuzidisha kwa siku 26 za mwezi. Kwa boti inayobeba dagaa hilo haliwezekani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi hupumzika. Mvua nazo huzuia kukausha, na pepo hufunga ziwa. Makadirio ya busara ni safari 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka.

Kila safari ya kwenda na kurudi Musoma imekadiriwa kuingiza Sh. 125,000 kwa mizigo na nauli, na kwa mwaka hiyo ni Sh. 30,000,000. Aliyezidisha kwa siku 26 angepata milioni 39 na kwenda kulala akiwa na furaha.

Jambo moja lisipite hivihivi. Makadirio yanafuata idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo, na jaketi za kuokolea zimo katika gharama. Faida inayopatikana tu kwa kujaza watu kupita kiasi si faida ya kuingizwa kwenye karatasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa.

Gharama za safari moja ni lita 20 za petroli pamoja na oili, Sh. 60,000, nahodha na msaidizi wake, Sh. 15,000, na akiba ya matengenezo, Sh. 15,000. Kwa safari 240 jumla ni Sh. 21,600,000. Leseni, ukaguzi, bima, ushuru na jaketi huongeza Sh. 1,200,000. Gharama za mwaka ni Sh. 22,800,000, na kinachobaki ni Sh. 7,200,000.

Kwa hesabu ya mstari mmoja, milioni 24 zitarudi baada ya miaka mitatu na miezi minne. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kwenda dukani.

KODI: UCHAKAVU HAUTOKI MFUKONI

Kampuni hulipa kodi ya 30% ya faida. Lakini faida ya kodi si ile milioni 7.2, kwani sheria huruhusu kwanza kutoa uchakavu wa chombo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, vyombo vya majini vimo katika daraja la pili la mali, na uchakavu wake ni 25% ya salio linalopungua. Mwaka wa kwanza hutolewa 25% ya milioni 24, sawa na milioni 6. Salio ni milioni 18. Mwaka wa pili ni 25% ya hizo 18, na kuendelea hivyo.

Uchakavu huchanganya watu wengi. Hakuna mtu anayelipwa uchakavu. Fedha zilishatoka zote siku ya kununua. Kwa hiyo hautolewi kwenye mtiririko wa fedha. Hutolewa kwenye hesabu ya kodi peke yake, na faida yake ni kodi iliyopungua. Uchakavu wa milioni 6 hupunguza kodi ya mwaka wa kwanza kwa Sh. 1,800,000. Hicho ndicho kiasi cha kuhesabu.

Kuna jambo ambalo washauri wengi hulisahau. Nafuu hiyo ni ya anayetozwa kwa faida na mwenye vitabu vya hesabu. Mfanyabiashara binafsi mdogo, ambaye kikomo chake kiliwekwa kuwa mauzo ya Sh. milioni 100 kwa mwaka katika mabadiliko ya 2019, kwa kawaida hutozwa kwa mauzo. Huyo akinunua boti ya milioni 24 au ya milioni 4, mauzo yakiwa yaleyale kodi ni ileile. Uchakavu haumpunguzii hata senti. Kodi ya mauzo pia haijui hasara. Mwaka ambao petroli imekula kila kitu, bado itadaiwa. Haina maana kwamba ni mbaya kwa kila mtu, kwani mara nyingine huwa ndogo kuliko 30% ya faida, lakini kila mmoja ajue yuko upande upi kabla ya kukopi hesabu ya jirani. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato itamweleza bila malipo.

MFUMUKO WA BEI: SHILINGI ZA LEO NA ZA MWAKA HUSIKA

Mwaka 1994 mfumuko wa bei nchini ulipita 30%. Katika miaka ya 2020 hadi 2024 wastani wa mwaka ulikuwa kati ya 3% na 4.3%. Tofauti hiyo imewafanya wengine waseme mfumuko si kitu tena. Kwa chombo cha miaka mitano si kweli: kwa 4% kwa mwaka, kilichogharimu Sh. 100 leo kitagharimu karibu Sh. 122 baada ya miaka mitano.

Kuna namna mbili za kuandika fedha za miaka ijayo. Moja ni kwa shilingi za mwaka husika, yaani noti zitakazohesabiwa siku hiyo. Nyingine ni kwa shilingi za leo, yaani noti hizohizo zikipimwa kwa kile zinachoweza kununua leo. Zote mbili ni halali. Haramu ni kuzichanganya.

Riba nayo ina sura hizo mbili. Ndugu hawa wanataka fedha zao ziwaletee 10% juu ya mfumuko wa bei, kwa sababu ziwa lina hatari kuliko dhamana za serikali. Mfumuko ukiwa 4%, riba ya kawaida inayolingana na hiyo si 14%. Huzidishwa 1.10 kwa 1.04, ikapatikana 1.144, yaani 14.4%. Fedha za mwaka husika hupimwa kwa 14.4%, fedha za shilingi za leo hupimwa kwa 10%.

Kodi ndiyo inayolazimisha hesabu kuanzia kwenye shilingi za mwaka husika. Nauli na gharama hupanda na bei, lakini uchakavu hukokotolewa kwa bei ya kununulia na haupandi kamwe. Mwaka wa nne uchakavu wa boti hii ni Sh. 2,531,000, unaopunguza kodi kwa Sh. 759,000. Kwa mfumuko wa 4%, fedha hizo ni sawa na Sh. 649,000 za leo. Kwa mfumuko wa 30%, kama ule wa miaka ya 1990, zingekuwa sawa na Sh. 266,000 tu. Hivyo mfumuko hupandisha kodi kimyakimya bila Bunge kubadilisha sheria.

JEDWALI

Inachukuliwa kwamba nauli na gharama zote zinapanda 4% kwa mwaka, na kwamba mwishoni mwa mwaka wa tano boti na injini vinauzwa kwa thamani ya Sh. 5,000,000 za leo, yaani Sh. 6,083,000 za wakati huo. Salio la uchakavu wakati wa kuuza ni Sh. 7,594,000, tofauti ya Sh. 1,510,000 hutolewa kwenye faida ya mwaka huo, kwa kuwa kampuni haina chombo kingine katika daraja hilo. Tarakimu ni maelfu ya shilingi.

| Mwaka | Pato kabla ya kodi | Uchakavu | Kodi | Baada ya kodi | Kwa shilingi za leo | Thamani ya sasa (10%) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 7,488 | 6,000 | 446 | 7,042 | 6,771 | 6,155 |
| 2 | 7,788 | 4,500 | 986 | 6,802 | 6,289 | 5,198 |
| 3 | 8,099 | 3,375 | 1,417 | 6,682 | 5,940 | 4,463 |
| 4 | 8,423 | 2,531 | 1,768 | 6,655 | 5,689 | 3,886 |
| 5 | 8,760 | 1,510 | 2,175 | 12,668* | 10,412 | 6,465 |

*Pamoja na 6,083 za kuuza chombo.

Jumla ya safu ya mwisho ni Sh. 26,167,000. Ukitoa bei ya kununulia, ziada ni Sh. 2,167,000. Maana yake ni kwamba boti inarudisha mtaji, inalipa 10% juu ya mfumuko, na bado inaacha milioni mbili na ushee. Kwa karatasi, inunuliwe.

Safu ya sita isomwe polepole. Noti za baada ya kodi katika miaka minne ya mwanzo hazipishani sana, lakini kwa shilingi za leo pato linashuka kutoka 6,771 hadi 5,689. Uchakavu unapungua, kodi inapanda, na shilingi inanyauka. Mwenye boti atakayetumia pato la mwaka wa kwanza kama kipimo cha matumizi ya nyumbani atajikuta na upungufu mwaka wa nne bila kujua ulikotoka.

WANAOCHANGANYA

Mdogo wa pili, aliyesoma kidogo, anarudia hesabu. Anachukua fedha za shilingi za leo, safu ya sita, na kuzipima kwa riba ya kawaida ya 14.4%. Jumla yake inakuja Sh. 23,326,000, pungufu kwa Sh. 674,000. Anawaambia kaka zake waachane na boti. Hakufanya kosa la kuzidisha wala kugawanya. Ametoa mfumuko mara mbili, mara moja kwenye fedha na mara ya pili kwenye riba. Biashara iliyokuwa na ziada imegeuka ya hasara kwa kalamu.

Kosa la kinyume ni kubwa zaidi kwa mkopaji: kuandika mapato yaliyopandishwa kwa mfumuko, kisha kuyapima kwa 10%. Hapo hata boti mbovu hupendeza. Kosa jingine la ndugu huyo ni kutoa riba ya mkopo kama gharama ya kila mwaka na wakati huohuo kupima kwa kiwango ambacho tayari kina riba ndani yake. Riba huhesabiwa mara moja. Ratiba ya marejesho ya benki huandikwa kwenye karatasi yake, kuona kama fedha za mwezi zitatosha, kwa sababu benki haisubiri giza lirudi.

HOJA YA KAKA MKUBWA

Chuma hakiliwi? Kwa upande mmoja ana haki. Injini hutoka nje, na bei yake hufuata dola kuliko inavyofuata kikapu cha bidhaa za nyumbani. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban Sh. 2,330, kufikia robo ya tatu ya 2024 ilikuwa karibu Sh. 2,700. Shilingi ilishuka kwa kasi kubwa kuliko mfumuko wa bei wa nchini ulivyopanda. Aliyenunua injini mapema aliokoa fedha.

Lakini bei ya injini mpya ikipanda, mwenye boti huvuna siku moja tu, siku ya kuuza ya zamani, na siku hiyohiyo humlazimu kununua nyingine. Hata kwa 4%, chombo cha milioni 24 kitakuwa cha Sh. 29,200,000 baada ya miaka mitano, wakati sheria ya kodi imemruhusu kutoa milioni 24 peke yake, bila kuongeza chochote kwa kupanda kwa bei. Pengo hilo halina mtu wa kulijaza isipokuwa akiba.

Tena, katika ile ziada ya Sh. 2,167,000, bei ya kuuzia chombo imechangia Sh. 3,105,000 kwa thamani ya sasa. Injini ikiibwa mwaka wa tano, na wizi wa injini si hadithi kwa wavuvi wa ziwa hilo, ziada yote hupotea hata baada ya kuhesabu nafuu ya kodi kwa mali iliyopotea. Bima isionekane gharama ya anasa.

HATARI HALISI NI PENGO

Mfumuko wa 4% unaogusa kila kitu sawasawa haukuizamisha boti. Kinachozamisha ni pengo. Petroli ni Sh. 14,400,000 katika gharama za Sh. 22,800,000, karibu theluthi mbili, na bei yake haiulizi hali ya dagaa. Mwaka 2022 ilipita Sh. 3,000 kwa lita. Nauli, kwa upande mwingine, ni kitu cha kijirani. Abiria ni shangazi, mwalimu, mama muuza dagaa. Kupandisha nauli Sh. 500 huhitaji mazungumzo, na anayepandisha peke yake hupoteza mzigo kwa boti ya pili.

Hesabu irudiwe basi, nauli zikipanda 2% kwa mwaka na gharama 4%. Pato kabla ya kodi linashuka kutoka Sh. 6,888,000 mwaka wa kwanza hadi Sh. 5,382,000 mwaka wa tano. Baada ya kodi, na kwa kupima kwa 14.4%, thamani ya sasa ya yote ni Sh. 21,966,000. Ziada ya milioni mbili imekuwa pungufu la Sh. 2,034,000. Pengo la asilimia mbili tu, ambalo hakuna anayeliona kwa mwaka mmoja, limegeuza uamuzi.

Idadi ya safari nayo ina makali. Kila safari huacha Sh. 35,000 baada ya petroli, watu na matengenezo. Zikipungua safari mbili kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, ziada yote inakwisha. Biashara ya ziwa imewahi kusimama ghafla kwa sababu za mbali: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki kutoka Ziwa Victoria, na wengi waliokuwa na madeni ya nyavu na injini kwa ajili ya sangara walibaki na vyombo vilivyofungwa mwaloni. Dagaa wana soko lao la ndani na la nchi jirani, lakini mwenye boti hachagui mwaka wa tatizo.

Ndugu hawa hawahitaji kutupa wazo lao, wanahitaji kulifunga. Njia moja ni kupatana na wafanyabiashara wa dagaa kabla ya kununua, kwamba ujira wa gunia utafuata bei elekezi ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na EWURA. Bei hiyo ikiwa ndiyo kipimo, mazungumzo ya nauli hayawi tena ugomvi wa majirani. Njia nyingine ni injini ndogo inayokula lita chache, ingawa itabeba kidogo na kuchelewa. Hiyo nayo ipitishwe kwenye jedwali lilelile.

Namba ya kubandika ndani ya jalada la daftari la nahodha ni Sh. 121,600. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mapato ya safari moja, kwa shilingi za mwaka wa kununua, kinachofanya ziada kuwa sifuri kwa safari 240. Kila mwaka kipandishwe kwa mfumuko uliotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tofauti kati yake na Sh. 125,000 ni Sh. 3,400, na kwa lita 20 za safari, petroli ikipanda Sh. 170 kwa lita kuliko ilivyokadiriwa, nauli ikabaki palepale, tofauti hiyo imekwisha.